Mabaki ya Vyombo vya Angani: Hatari na Wajibu wa Mataifa

Mnamo Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni sehemu ya roketi.

Hatari ya mabaki hayo huongezeka kadiri kampuni binafsi zinavyorusha setilaiti nyingi zaidi. Mwaka 2009, setilaiti ya kibiashara Iridium 33 iligongana na setilaiti mbovu ya Urusi, Kosmos 2251, na kuzalisha vipande zaidi ya 2,000 vinavyofuatiliwa. Aidha, setilaiti zinapoungua hewani huacha chembechembe za alumini ambazo wanasayansi wanahofia zinaweza kudhuru tabaka la ozoni.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, kila taifa huwajibika kwa shughuli za kampuni zake. Mkataba wa mwaka 1972 huitaka nchi iliyorusha chombo kulipa fidia kwa madhara yanayotokea ardhini, hata pasipo kuthibitishwa uzembe. Hata hivyo, dai huwasilishwa na serikali, nayo ni lazima iitambue kwanza nchi hiyo.

Kwa hiyo, mwananchi anayekuta kipande kama hicho asikiguse wala kukihamisha. Huenda kina mabaki ya mafuta yenye sumu, na alama zake ni ushahidi. Anapaswa kuarifu kituo cha polisi kilicho karibu.