Kontena Si Nyumba, Kontena Si Mzigo

Mwaka 1956 yalizaliwa mambo mawili yasiyojuana. Kule Marekani, tarehe 26 Aprili, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku ya chuma 58 juu ya sitaha. Mwenye wazo alikuwa Malcom McLean, tajiri wa malori aliyechoshwa na mizigo kushushwa furushi moja moja. Huku Tanganyika, mwaka huo huo, serikali ya Mwingereza ikatunga Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji, Sura ya 378. Sheria haikulijua kontena, wala kontena halikuijua sheria. Walikuja kukutana baadaye sana, kando ya barabara zetu.

Lakini ndugu msomaji, kupanga mji kwetu hakukuanza na sheria hiyo. Mjerumani alitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891, na kabla hajaondoka mji ulikuwa umegawanywa sehemu tatu. Mwingereza akaurithi mpango huo. Swali halikuwa unafanya kazi gani pale, bali nyumba yako imejengwa kwa kitu gani. Ya mawe na saruji ina mtaa wake, ya udongo na makuti ina mtaa wake. Hawakuandika rangi ya mtu waziwazi, ila kila mtu alijua nani ana pesa za saruji. Ndiyo asili ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi katikati ili watu wasikaribiane. Nalitaja hili kwa sababu mpaka leo afisa wa mji akiona kibanda, jicho lake linakwenda kwanza kwenye ukuta.

Sisi watu wa Korogwe tulizoea mzigo wa namna nyingine. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na kilichosafiri humo miaka mingi ni marobota ya mkonge. Pale Tanga meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, mzigo unavushwa kwa matishari. Na huku juu Mpale, milimani, mzigo ulipanda kichwani mwa mama.

Mambo yaligeuka mwaka 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Mitumba ikaingia, redio zikaingia, vipuri vikaingia. Vilikuja ndani ya makontena, nasi tulikuwa na vitu vichache vya kuyajaza yarudi nayo. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa tani mbili na ushee. Kulirudisha ng'ambo bila mzigo ni hasara. Basi mengine yakabaki. Jamaa mmoja akakata dirisha kwa gesi, mwingine akapaka rangi ya bluu, na pakawa duka. Halihitaji msingi, mwizi hatoboi ukuta wake, na ukifukuzwa unaondoka nalo. Mchana ni joto kama tanuri, hilo sikatai.

Mjomba wangu alilinunua la kwake akaliweka kando ya barabara kuu, katika mji ambao sitautaja. Siku moja akaja afisa na daftari.

"Mzee, kibali cha ujenzi kiko wapi?"

"Bwana afisa, mimi sijajenga. Mimi nimeweka."

Kijiwe kizima kilicheka, lakini swali lilikuwa zito. Juma lililofuata akaja wa leseni, huyu akasema biashara lazima iwe ndani ya jengo. Kwa hiyo Jumatatu kontena ni nyumba isiyo na kibali, Ijumaa si nyumba hata kidogo. Mwisho wakaja wa barabara na kopo la rangi.

Hapa inabidi nieleze. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kila upande. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaisogeza hadi mita 30. Aliyekuwa nje ya mstari alilala na kuamka ndani yake. Wenye nyumba waliokumbwa na nyongeza hiyo waliwekewa X ya kijani, maana yake wana fidia. Waliokuwa ndani tangu mwanzo walipata nyekundu. Mjomba alipima kwa kamba, akapata mita 26. Akaomba ya kijani. Akajibiwa kwamba kontena halina msingi, linahamishika, haliwezi kufanyiwa tathmini. Akawekewa nyekundu.

Mwaka huo huo wa 2007 ile Sura ya 378 ilifutwa, ikaja Sheria ya Mipango Miji Namba 8. Kubadili matumizi ya kiwanja kunahitaji kibali, iwe makazi yageuke ghala au vinginevyo. Kwenye karatasi kanuni ni ya wote. Lakini nenda Kurasini uone: mtaa wa watu uligeuzwa eneo la bandari, wenye nyumba wakahama, makontena yakapangwa ghorofa kwa ghorofa pale walipokuwa wakianika nguo. Baadaye msongamano ukashinda, na mwaka 2025 ikazinduliwa bandari kavu ya Kwala, mkoa wa Pwani. Kontena lenye mzigo wa tajiri linatafutiwa ardhi na reli. Lenye sukari ya kupima linapakwa rangi.

Kijijini mambo ni tofauti. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mpango wa matumizi hupitishwa na mkutano mkuu, watu wazima wote wakiwa na kauli. Mjomba akaona heri alirudishe kwao Mpale, akaombe nafasi mbele ya wazee. Akakodi lori. Dereva alifika chini ya mlima, akatazama zile kona, akazima injini.

Kontena liko hapo chini hadi leo, katika shamba la mtu, juu ya matofali manne. Ndani kuna mahindi ya mwenye shamba, na mjomba analipwa kila mavuno magunia mawili.