Alain Mimoun alikuwa wa nani?

Kila mara mwanariadha wetu akibadilisha uraia aende kukimbilia Qatar au Bahrain, Wakenya tunagawanyika mara mbili. Kuna wale wa kumwita msaliti. Halafu kuna wale wa kusema mwacheni, uzalendo haujazi sufuria. Mimi naona wote tunauliza swali lisilofaa, na aliyenifanya nione hivyo ni mzee mmoja Mfaransa ambaye wengi huku hawajawahi kumsikia.

Jina lake Alain Mimoun. Lakini hakuzaliwa Alain. Alizaliwa Ali, mwaka 1921, kwenye familia ya Kiislamu huko Télagh, magharibi mwa Algeria. Wakati huo Ufaransa ilikuwa inasema Algeria si koloni, ati ni sehemu ya Ufaransa yenyewe. Maneno matamu. Kwa vitendo, mwenyeji Mwislamu alikuwa chini ya mlowezi katika karibu kila kitu, kuanzia ardhi hadi kura.

Kijana akajiunga na jeshi la Ufaransa. Januari 1944, kwenye vita vya Monte Cassino nchini Italia, akajeruhiwa mguu vibaya sana hadi ikafikiriwa ukatwe. Ukapona. Sasa hebu weka hilo kando ya jambo lingine: tarehe 8 Mei 1945, siku ile Ulaya inasherehekea kushindwa kwa Ujerumani, Waalgeria walioandamana mjini Sétif wakidai uhuru walipigwa risasi. Ghasia zikazuka, na wiki zilizofuata maelfu ya Waalgeria wakauawa na jeshi la Ufaransa na walowezi. Jeshi ni lile lile ambalo Mimoun alitoa mguu wake kulitetea.

Baada ya vita akahamia Paris, akafanya kazi ya weita huku anafanya mazoezi. Na alikuwa moto kweli. Shida yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa na jina: Emil Zátopek wa Czechoslovakia. London 1948, mita 10,000, Zátopek wa kwanza, Mimoun wa pili. Helsinki 1952, mita 10,000, hivyo hivyo. Siku chache baadaye, mita 5,000, tena hivyo hivyo, na safari hii walipishana kwa chini ya sekunde moja. Medali tatu za fedha za Olimpiki, zote nyuma ya mtu mmoja. Mwingine angeacha mbio akafungue duka.

Yeye alikwenda Melbourne mwaka 1956, amebakisha mwezi mmoja kufika miaka 36, kukimbia marathoni kwa mara ya kwanza maishani. Siku hizo hizo akapata habari kwamba mkewe amejifungua binti, wakamwita Olympe. Namba aliyopewa kifuani ilikuwa 13. Tarehe 1 Desemba, kwenye joto kali, akashinda kwa saa 2 na dakika 25, akimwacha wa pili zaidi ya dakika moja. Halafu hakutoka uwanjani. Alisimama pale mwishoni akimsubiri Zátopek, aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa ngiri na akamaliza wa 6. Zátopek alipoambiwa nani ameshinda, alivua kofia, akampigia saluti, wakakumbatiana. Mimi hapo ndipo nampendea huyu mzee.

(Michezo hiyo ndiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza kwa Kenya pia, tukiwa bado koloni, na hali ya hatari bado inaendelea nyumbani. Nyandika Maiyoro alimaliza wa 7 mita 5,000. Wangapi wetu tunalijua jina hilo?)

Sasa kumbuka, mwaka 1956 vita vya uhuru wa Algeria vimeshaanza, tangu Novemba 1954. Mimoun alibaki Mfaransa, hata akaingia Ukatoliki. Miaka miwili baada ya Melbourne, Rachid Mekhloufi na wachezaji wenzake wa asili ya Algeria waliacha klabu zao za Ufaransa na kwenda Tunis kuunda timu ya kupigania uhuru. Nani alikuwa sawa? Mimi namheshimu sana Mekhloufi. Lakini siwezi kukaa Nairobi na simu yangu nimwambie mtu aliyepigwa bomu Cassino kwamba hakujua moyo wake uko wapi. Alichagua, akaishi na uamuzi wake hadi alipofariki mwaka 2013. Ufaransa nayo ilimkumbuka: kuna viwanja vingi huko vyenye jina lake.

Ila kuna mwenzake. Boughera El Ouafi, naye mzaliwa wa Algeria, naye askari wa Ufaransa, alishinda marathoni ya Olimpiki kule Amsterdam mwaka 1928. Miaka 28 kabla ya Mimoun! Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Renault. Baada ya ushindi akaenda Marekani kukimbia kwa malipo, na kwa sababu hiyo akafungiwa mbio za ridhaa. Akasahaulika, akawa maskini. Mimoun aliposhinda, watu ndipo wakakumbuka kwamba kuna mwingine, na Mimoun mwenyewe akamchukua wakaenda pamoja Ikulu kwa Rais René Coty. Mwaka 1959 El Ouafi akauawa kwa risasi mjini Saint-Denis.

Na ni katika Saint-Denis hiyo hiyo, mwaka 2003, ambapo Stephen Cherono wetu, sasa akiitwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, alishinda mbio za kuruka viunzi na maji mbele ya Ezekiel Kemboi. Tulikasirika sana. Hasira yote ikamwendea yeye.

Mimi ninachosema ni hivi. Swali la "huyu ni wetu au ni wao?" tunalipeleka kwa mkimbiaji peke yake, na tunalipeleka siku ya medali tu. Lipelekwe kwa nchi. El Ouafi na Mimoun walikimbia kwa bendera moja, wakashinda mbio ile ile, lakini mmoja alitupwa kwa sababu alitafuta riziki kwa miguu yake. Kwa hiyo mtoto wa Iten akiniuliza kama asaini karatasi za nchi nyingine, sitamhubiria uzalendo. Nitamwambia aulize watamfanyia nini akiumia goti akiwa na miaka 27. Na akituuliza sisi Kenya swali hilo hilo, tuwe na jibu la kumpa.