Pambo na Uso: Joy Adamson na Mwanamke wa Embu na Meru

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwagiza Joy Adamson, mzaliwa wa Opava, achore watu ambao mavazi na mapambo yao ya jadi yalielekea kutoweka. Sehemu ya kazi hiyo ilichapishwa katika *The Peoples of Kenya* (1967), kitabu kilichopangwa kwa makabila. Ustadi wake haukanushiki; shanga na ngozi zimechorwa kwa makini ya mtunza bohari. Hata hivyo, kuanzia 1954, katika Hali ya Hatari, serikali iyo hiyo iliwahamishia wanawake wengi wa Embu na Meru katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Pambo likahifadhiwa, mvaaji akafungiwa.

Mkatalani Isidre Nonell (1872–1911) anafaa kuwa kipimo hapa. Bila kuagizwa na serikali yoyote, aliwachora kwa rangi za mafuta wanawake wa Kijipsi waliodharauliwa mjini Barcelona: mabega yameinama, macho yameangushwa, shali imekuwa mzigo. Maonyesho yake ya 1902 na 1903 katika Sala Parés hayakupendwa.

Kwa mwanamke wa Kiambere, katika nyika ya Mbeere kando ya mto Tana, tofauti hii si ya mtindo tu. Utawala ulimhesabu chini ya Embu. Wilaya ya Mbeere iliundwa 1996. Picha ya pambo la kabila humrudisha katika daftari la namna hiyo. Akiinamisha kichwa kama Wajipsi wa Nonell, nusu ya shanga zitafichika, na daftari litakosa lilichokitafuta.