Kutoka Modemu hadi Horombo

Kwetu Marangu, swali la "tuchukue kasi ipi?" ni la juzi tu. Zamani hapakuwa na cha kuchagua. Modemu ya simu ya mezani iliishia kilobiti 56 kwa sekunde: picha moja ya megabaiti 1 ilikula zaidi ya dakika mbili, na mtu akiinua simu katikati, unaanza upya. Mjini Moshi, kwenye intaneti kafe, tulilipia muda, si kasi. Ukurasa ukisuasua, hela yako ndiyo inakwenda.

Nchi ilitegemea setilaiti, ghali na nzito, hadi mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Agosti 2022 shirika la simu la TTCL likafikisha intaneti ya kasi kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720 juu Mlima Kilimanjaro. Wapagazi nao wakapata mtandao!

Leo fundi wa intaneti huuliza: megabiti 10, 20 au 50? Mimi huhesabu watazamaji kwanza. Video safi hula kama megabiti 5. Wakitazama watatu kwa pamoja, 15. Basi 20 zinatutosha, isipokuwa Desemba, ndugu wote wakishapanda kutoka Dar.