Mucojo: Historia ya Kuacha Bila Kuachia

Kwa Kiswahili mtu huacha mengi. Huacha shule, huacha tumbaku, huacha mke, na akifa huacha watoto na minazi. Aliyeacha tumbaku ameikata, hairudii. Lakini tukisema marehemu ameacha shamba, sote tunajua kwamba shamba hilo lina wenyewe. Kitenzi hiki peke yake hakitoi hukumu kuhusu haki. Anayeitoa ni ndugu yake, kuachia: aliyeachia ameondoa mkono wake kwa hiari na kumpa mwingine. Kwa watu wa Mucojo, kati ya vitenzi hivyo viwili ndipo ilipo kesi yao.

Mucojo ni tarafa ya pwani katika wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Ni nchi ya wavuvi na minazi, ambako husemwa Kimwani, lugha ambayo msikilizaji wa Lamu au Kilwa huitambua kuwa jamaa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava kutoka Madagaska walivuka bahari kwa makundi ya mitumbwi, wakaipiga pwani hii na visiwa vya Kerimba, wakichukua watu. Baadaye ikaja Companhia do Nyassa, kampuni iliyopewa hati na Wareno mwaka 1891 na kuitawala Cabo Delgado hadi 1929. Kodi yake ya nyumba na kazi zake za shokoa ziliwafanya wengi wavuke mto Ruvuma kuingia Tanganyika.

Risasi za kwanza za vita vya ukombozi zilifyatuliwa Chai, katika wilaya hii hii ya Macomia, tarehe 25 Septemba 1964. Wareno wakajibu kwa kuwakusanya wanavijiji katika makazi yenye ulinzi, mbali na mashamba yao, ili wasiwalishe wapiganaji. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, Frelimo, chama kilichoongoza vita hivyo, nayo ikahimiza vijiji vya pamoja, jambo ambalo Mtanzania aliyeishi enzi za ujamaa hahitaji kuelezwa. Hivyo tawala mbili zilizopigana kufa na kupona zilikubaliana juu ya jambo moja: mkulima ahamishwe. Naliona hilo kuwa jeraha ambalo halijazungumzwa vya kutosha.

Tarehe 5 Oktoba 2017 waasi walishambulia Mocímboa da Praia, na vita vikashuka kusini kuelekea Macomia. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kikaangusha nyumba na minazi ya wilaya hiyo. Oktoba 2020 maelfu ya watu wa pwani na visiwa waliwasili kwa mashua ufukweni Paquitequete, mtaa wa mji wa Pemba mkoani humo, wengi wao wakiwa na vikapu na watoto tu. Kufikia mwaka 2022, waliohama makwao mkoani walikaribia milioni moja. Januari 2024 waasi waliingia tena Mucojo na kuishikilia.

Watu hawa wameacha. Nani athubutu kusema wameachia? Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 inasema ardhi ni ya dola, wala haiuzwi. Lakini inaitambua haki ya matumizi ya jamii zilizoishi hapo kwa mila zao, na ya raia aliyetumia ardhi kwa nia njema kwa angalau miaka 10. Kukosa hati hakuifuti haki hiyo, na ushahidi wa majirani unapokelewa. Majirani wenyewe ndio hao waliotawanyika mjini Pemba, wilayani Metuge na kwingineko.

Kwa hiyo kabla kipande chochote cha ufuo wa Mucojo hakijapewa mwekezaji kwa maelezo kwamba kilikutwa kitupu, wenye mamlaka wawaite kwanza waliokihama, wawasikilize kwa lugha yao, na majina yao yaandikwe.