Sadaka ya Waliokombolewa

Kila ifikapo jubilei, sisi Wakristu hupenda kuyataja majina ya mapadri na maaskofu waliotutangulia, na ni haki yao kutajwa. Lakini misioni za kwanza za nchi hii hazikujengwa kwa mikono yao peke yao. Katika kurasa hizi twataka kusimulia habari za watu waliozijenga pamoja nao: watu ambao wengi wao waliwahi kuuzwa kama bidhaa, na ambao mali yao ya kwanza duniani ilikuwa jembe, kibanda na kipande cha shamba. Hao nao walitoa.

Tuanze na fedha, maana wengi hudhani ya kuwa fedha ya misioni ilitoka kwa matajiri wa Ulaya. Katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, binti mmoja jina lake Pauline Jaricot aliwapanga watu kumi kumi, na miongoni mwao walikuwamo wanawake maskini wa viwanda vya hariri. Kila mtu alitoa sarafu moja ndogo kwa juma. Mmoja akazikusanya za wenzake kumi, na mwingine akazipokea za makumi kadha wa kadha, hata zikafika mahali pamoja. Kutoka hapo, mwaka 1822, kikazaliwa Chama cha Uenezaji wa Imani. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson akawaita watoto nao, watoe kidogo walicho nacho kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi za mbali. Ndio huo Utoto Mtakatifu, ambao watoto wa parokia zetu wanaujua hata leo. Basi fedha za vyama hivi viwili ndizo zilizotumika kuwakomboa na kuwalisha watoto wengi waliotoka katika soko la watumwa la Unguja. Fundi wa kufuma wa Lyon hakuiona Unguja, wala mtoto yule hakumwona fundi.

Hapa pana swali ambalo si vema kulipita kimya. Je, atoaye fedha ili kumkomboa mtumwa, hamtajirishi yule auzaye? Swali hili liliulizwa zamani zile zile, wala halikuulizwa na adui wa dini tu. Sisi twaona ya kuwa mtu aliyesimama sokoni mbele ya mtoto mgonjwa hakuweza kumwambia angoje mpaka wafalme wapatane. Lakini hatusemi kwamba njia ile haikuwa na doa. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alilifunga soko la Unguja, na tangu hapo wengi walioletwa misioni walikuwa wametolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Waingereza.

Kazi yenyewe ilianza Unguja mwaka 1860, alipofika Padre Armand Fava kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadri wenzake na masista waitwao Mabinti wa Maria. Habari za masista hao zastahili kujulikana zaidi. Utumwa ulifutwa Réunion mwezi wa Desemba 1848, na mwaka uliofuata shirika lao likaanza huko huko, likiwapokea pamoja wanawake weupe na weusi, hata na wale ambao juzi tu walikuwa watumwa. Kwa hiyo watoto wa Unguja walipokuwa wakiuguzwa vidonda vyao, waliuguzwa na shirika lililoyajua maumivu yale kwa karibu.

Mapadri wa Roho Mtakatifu waliipokea misioni ya Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner na Padre Étienne Baur wakavuka bahari kuanzisha misioni ya Bagamoyo. Hapo wakajenga kijiji kwa ajili ya waliokombolewa. Vijana walifundishwa sala, kusoma na kazi za mikono. Walipofika umri wakaozwa, wakapewa kibanda na shamba. Kulikuwa na kengele ya kuamka, ya sala na ya kazi. Wengine walichoka na sheria zile na kazi nyingi za misioni, wakatoroka. Na asiyeelewa kwa nini mtu aliyewahi kufungwa minyororo achoke na kengele, hajafikiri vema. Walakini wengi walibaki. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ikapiga pwani, ikaangusha nyumba na kung'oa miti, na kazi ya miaka minne ikalala chini. Wakaanza tena.

Mwezi wa Februari 1874 walifika hapo watu waliochoka sana, wakiuchukua mwili wa David Livingstone kutoka mbali bara, ambako alikufa mwaka 1873. Wakuu wao walikuwa Susi na Chuma, na Chuma mwenyewe aliwahi kukombolewa utumwani alipokuwa kijana. Livingstone hakuwa wa madhehebu yetu, lakini misioni ilifungua mlango, na maiti ikalazwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Siku zile Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa mbali mbali kuliko leo.

Sasa tufike penye kiini cha habari yetu. Mwaka 1877 mapadri walianzisha misioni ya Mhonda, katika milima ya Nguru, ambayo ni misioni yao ya kwanza bara. Hawakwenda peke yao. Walipanda pamoja na jamaa za Kikristu za Bagamoyo, mume na mke. Mapadri walitaka wenyeji wa huko waione nyumba ya Kikristu kwa macho kabla ya kuihubiriwa kwa maneno. Ilifanyika vivyo hivyo misioni nyingine zilipofunguliwa, kama Mandera katika Uzigua mwaka 1881, na Morogoro mwaka 1882.

Ewe mwalimu usomaye, jaribu kuwaeleza wanafunzi wako maana ya safari ile. Watu hawa wengi asili yao ilikuwa pande za ziwa Nyasa. Walikamatwa wangali wadogo, wakapelekwa pwani kwa nguvu, wakapoteza baba na mama na lugha ya kwao. Bagamoyo walipata kwa mara ya kwanza mlango wa kufunga usiku na shamba ambalo mavuno yake yaliingia chunguni mwao. Kisha wakaambiwa: ondokeni, pandeni bara. Nayo haikuwa njia ya kurudi kwao. Ilikuwa njia ya kwenda kwa watu wengine, wenye lugha nyingine, ambapo palikuwa na pori la kufyeka na homa, wala hawakuwa na mjomba wala shangazi wa kumkimbilia siku ya njaa.

Je, waliulizwa kama wapenda kwenda? Misioni ya zamani zile iliamuru kama baba aamuruvyo nyumbani mwake, na kusema kwamba kila mmoja alikwenda kwa hiari kamili kungekuwa kupamba habari. Lakini twaomba msomaji apime jambo moja. Mtu aweza kuamriwa kufunga mzigo na kupanda mlima. Hawezi kuamriwa kumkaribisha jirani asiyemjua akala naye chungu kimoja, wala kumwonea huruma mtoto wa mwingine aliye mgonjwa. Hayo hutoka moyoni au hayatoki. Na imani ilishika huko, ikaenea vijijini, kwa sababu mambo hayo yalitoka. Padre mmoja na mabruda wawili wasingeweza kuwa majirani wa nchi nzima.

Ukarimu haukuwa wa upande mmoja. Wenyeji walipokea wageni hawa katika nchi yao, wakawaacha walime. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont alipofika Kilimanjaro pamoja na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, Mangi Fumba wa Kilema aliwakaribisha, na misioni ya kwanza ya Kikatoliki katika Uchaga ikaanza hapo. Mbegu ya kahawa nayo ilifika Kilema kwa njia hiyo ya misioni. Imepita miaka mingi, na kahawa imejenga shule na makanisa mengi mlimani. Ni vigumu leo kusema ni nani aliyempa mwenzake zaidi.

Bagamoyo yenyewe ilijaribiwa katika vita vya Bushiri, miaka ya 1888 na 1889. Mji ulipopigwa, watu kwa maelfu walikimbilia katika viwanja vya misioni, Wakristu na wasio Wakristu, na Bushiri na watu wake waliiheshimu misioni. Padre Baur alikuwa mpatanishi. Lakini maelfu hawaishi kwa upatanishi tu. Waliokuwa na vibanda waliishi bega kwa bega na wageni wao, na mashamba ya misioni yakalisha vinywa vingi kuliko yalivyolimiwa. Na fikiri: waliokuwa jana watu wa kukombolewa, leo ndio wenye nyumba, nao huulizwa kama pana nafasi.

Mwaka 2018 Kanisa la Tanzania lilitimiza miaka 150 ya imani tangu Bagamoyo, na maelfu ya waamini wakasali mahali hapo. Lakini jamaa wale wa Mhonda hawana mnara. Kitu kinachofanana zaidi na kazi yao tunakiona katika Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizikazia miaka ya 1973 na 1976: nyumba kumi au kumi na tano, zasali pamoja kwa zamu katika nyumba ya kila mmoja. Mtu akifiwa, jioni ile ile mmoja huleta unga, mwingine kuni, mwingine maji ya kupikia, na asiye na kitu hukaa karibu na mfiwa mpaka asubuhi.