Umri wa Kuanza Safari: Hoja kutoka Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mgeni akifika Ujiji hupelekwa kwanza kwenye mnara na miembe yake, akasimuliwa jinsi Henry Morton Stanley alivyomkuta David Livingstone mwaka 1871. Simulizi hiyo hukomea kwenye salamu. Yaliyofuata hayasimuliwi sana, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Watu wale wawili walikaa pamoja kwa miezi kadhaa. Walikwenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakajionea kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki humo. Kisha wakaelekea Unyanyembe, karibu na Tabora. Stanley, aliyekuwa na miaka 31, alimsihi mzee warudi pamoja Uingereza, akapumzike na kuwaona watoto wake. Livingstone alikataa. Waliagana tarehe 14 Machi 1872, na siku tano baadaye Livingstone akatimiza miaka 59. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Safari hiyo ya mwisho aliianza akiwa na miaka 53, umri ambao wengi wa rika lake walikwisha kutulia. Kwa hiyo, anayetaka kujua kama mtu anaweza kuchelewa kuanza kuizunguka dunia ana mfano wa kutazama hapa Kigoma, na mfano wenyewe hautoi jibu rahisi. Wako wanaowahimiza vijana waondoke mapema kabla miguu haijalegea, na wako wanaowafariji wazee kwamba safari haina umri. Pande zote mbili zinapima kwa miaka ya msafiri siku anapofunga mzigo. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakitufikishi mbali. Linaloamua kama safari imechelewa ni marejeo: je, msafiri ana pa kurudi, na atakaporudi yupo wa kumsikiliza? Mwenye miaka 70 aliye na mambo hayo mawili hajachelewa. Asiye nayo huenda amechelewa akiwa na miaka 20.

Inafaa kwanza kuuliza dhana ya kwamba safari ni ya vijana ilitoka wapi, maana katika ukanda huu ina historia inayojulikana. Njia ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000, ilikuwa kazi ya mabega. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaliona ziwa Februari 1858. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na kilo 30 hivi, na kwa kijana wa Kinyamwezi kwenda pwani na kurudi kulikuwa dalili ya kwamba amekuwa mtu mzima. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 upagazi wa masafa marefu ulififia, lakini hesabu ya miili haikufa. Chini ya Waingereza, vijana wa Buha, nchi ya Waha hapa Kigoma, walichukuliwa kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Tangu mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba, iliyojulikana kama SILABU, ndiyo iliyosimamia uandikishaji wao. Hao ndio manamba. Aliyeandikishwa alitazamwa nguvu zake, na asiyefaa aliachwa nyumbani. Mtu aliyekulia katika jamii iliyopitia hayo akisema kwamba umri wake wa kusafiri umepita, anarudia, pengine bila kujua, hukumu ya mwandikishaji wa vibarua.

Ajira ya ofisini nayo ilileta desturi ya kinyume chake, ya kuiweka safari akiba hadi kustaafu. Kwa watumishi wa umma walio wengi, umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na kwa hiari 55. Mwalimu wa Kasulu anayeahidi kwamba akilipwa kiinua mgongo ataiona Zanzibar, au Makka, au mjukuu wake aliye Oman, anaikabidhi safari yake kwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Mjadala mkali wa mafao uliozuka baada ya mifuko ya hifadhi ya jamii kuunganishwa mwaka 2018 ulichukuliwa kuwa mjadala wa fedha tu, na haki ya wastaafu kudai fedha zao haina ubishi. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwamo pia swali la muda: mkupuo ukipungua, yale yaliyoahirishwa kwa miaka 30 yanaahirishwa tena, na safari huwa ya kwanza kufutwa, kwa kuwa ada ya shule ya mjukuu na bati la nyumba haviwezi kungoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote haumhusu mpelelezi wala mfanyabiashara. Julai 1960 Jane Goodall, msichana wa miaka 26, aliwasili Kigoma ili akawachunguze sokwe wa Gombe. Wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali akae porini bila mwenzake wa Kizungu. Aliyejitolea kufuatana naye ni mama yake, Vanne, mwanamke wa miaka 54. Hakuwa mtafiti wala hakuwa na mshahara. Walipofika Kigoma, Kongo ilikuwa imepata uhuru siku chache tu kabla na Wabelgiji walikuwa wakivuka ziwa kwa wingi kukimbia machafuko; mama na binti wakapiga hema katika eneo la gereza la Kigoma, wakasaidia kuwaandalia wakimbizi hao chakula. Tarehe 14 Julai wakavushwa kwa boti hadi Gombe. Binti akawa anapanda milima alfajiri. Mama akabaki chini ufukweni, akafungua kijizahanati cha dawa za kawaida, vidonge vya maumivu na maji ya chumvi ya kusafishia vidonda ndugu, na wavuvi wakamjia. Wote wawili waliugua malaria vibaya sana. Baada ya miezi michache Vanne alirudi Uingereza.

Mchango wake nauona mkubwa, ingawa vitabu vingi humtaja kwa mistari michache. Imani ya wenyeji wa ufukweni, ambayo kwayo utafiti wa Gombe uliweza kuanza, ilijengwa kwa sehemu kubwa na mwanamke aliyeosha vidonda vya watu. Kazi hiyo msichana wa miaka 26 asingeiweza kwa namna ile ile. Ilitaka mtu aliyekwisha kulea, anayejua kukaa na mgonjwa bila haraka, na ambaye wavuvi wangemtambua kuwa mama wa mtu. Umri wake ndio uliomstahilisha. Pia alikuwa na kwao: alijua lini anaondoka na anarudi wapi, akawa na binti ambaye angeendelea kuzungumza naye juu ya mahali pale kwa maisha yake yote.

Binti mwenyewe alianza safari zake kubwa katika umri karibu sawa na ule wa mama yake alipofika Gombe. Mwaka 1986, baada ya mkutano wa wanasayansi uliofanyika Chicago, Jane Goodall aliacha maisha ya mtafiti wa porini akawa mtetezi wa wanyama na misitu, akisafiri takribani siku 300 kwa mwaka. Alikuwa na miaka 52. Aliendelea hivyo hadi alipofariki California tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, katikati ya ziara ya mihadhara. Anayetaka kuipinga hoja yangu atasema: huyu naye alifia njiani, kama Livingstone. Nakubali kwamba alifia njiani. Lakini kwa miaka yote hiyo alikuwa akirudi Gombe, na shirika la vijana la Roots & Shoots, lililoanzia Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12, lilikuwa njia yake ya kurudisha alichokiona. Livingstone alipokataa ombi la Stanley aliyakata marejeo yenyewe. Mke wake alikuwa amefariki Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Watoto walikua bila baba. Hata waaminifu wake, Chuma na Susi na wenzao, walichoweza kukirudisha ni mwili uliokaushwa na daftari zake, mwendo wa miezi hadi Bagamoyo. Nathubutu kusema Livingstone alichelewa Machi 1872 pale Unyanyembe, wala si mwaka 1866 alipoanza.

Sitaki msomaji adhani kwamba kurudi peke yake huifanya safari kuwa njema. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alianza kusafiri na baba yake angali mvulana, akaifikia Ujiji na kuvuka hadi Manyema, akarudi Unguja, na uzeeni akayaandika maisha yake kwa Kiswahili, maandishi ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu cha msingi katika nathari yetu. Pia ni kumbukumbu ya mtu aliyetajirika kwa pembe na kwa watumwa. Njia hiyo hiyo aliyoipita akienda na kurudi, maelfu ya mateka waliipita mara moja tu. Ujiji ilikuwa soko lao. Wengine walibaki hapa hapa, na wazao wa watu wa Manyema ni sehemu ya mji hadi leo. Mateka alianza safari ndefu akiwa kijana, wakati mwingine mtoto. Kwa kipimo cha miaka tungesema aliwahi kuiona dunia. Upuuzi wa kauli hiyo unatosha kuonyesha kwamba kipimo chenyewe kina kasoro.

Kuna pingamizi moja ambalo sikulipatia jibu kamili. Katika mji wa Kiislamu kama Ujiji, safari kubwa ya uzeeni ni hija, na wazee wengi wamekwenda Makka wakiwa wamekwisha kuusia, wamelipa madeni na kuombana radhi na majirani, tayari kwa lolote. Kwa muumini, kufia katika ardhi ile si msiba. Hapa marejeo hayaamui kitu, kwa kuwa msafiri ameyahesabu kwa Mola wake. Naweza kusema tu kwamba hata sheria ya hija inatazama walioachwa nyuma: anayewajibika ni mwenye uwezo, na uwezo huo unaingiza matumizi ya watu wake hadi arudi. Dini haikuweka ukomo wa umri. Serikali ndiyo iliyouweka, mwaka 2022, wakati Saudi Arabia ilipowazuia kwa sababu ya UVIKO-19 mahujaji waliofikisha miaka 65. Sharti hilo liliondolewa mwaka uliofuata, lakini kwa mzee aliyedunduliza kwa miaka mingi na kufariki katikati, amri ya ofisi ilifanya kazi ambayo uzee ulikuwa haujaifanya.

Kauli ya kwamba hujachelewa ni ngumu zaidi kuitamka katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa kukimbia vita. Kutoka humo maelfu wamehamishiwa Marekani na nchi nyingine. Miongoni mwao wamo bibi na babu waliopanda ndege kwa mara ya kwanza wakiwa na nywele nyeupe, kwenda kwenye baridi wasiyoijua na lugha ambayo wajukuu wataijua kabla yao. Waliiona dunia. Walakini aliyekuwa awasikilize, jirani wa Fizi au Uvira, ametawanyika au amekufa, na kijiji cha kurudi hakipo. Kuwaambia kwamba hawajachelewa ni kuwakosea adabu. Mzee wa namna hii anahitaji kwanza mtu wa kumsimulia, na vikao vya Wakongo wanaokutana kanisani au majumbani huko ughaibuni, wakizungumza Kiswahili, nadhani vinafanya kazi hiyo vizuri kuliko ofisi yoyote ya misaada.

Kwa wakazi wa Kigoma wenye mahali pa kurudi, kizuizi kikubwa mara nyingi ni karatasi. Pasipoti ya kielektroniki iliyoanza kutolewa mwaka 2018 inagharimu shilingi 150,000. Mwombaji hutakiwa kuonyesha kitambulisho cha taifa, cheti chake cha kuzaliwa, na cheti cha mzazi au kiapo. Mtu aliyezaliwa kijijini Buha miaka ya 1950, wazazi wake hawakuandikishwa popote, naye akaishi katika mkoa unaopakana na Burundi na Kongo ambako swali la uraia huulizwa kwa ukali kuliko kwingine, anaweza kukwama mlangoni angali na afya na nauli. Balozi nazo hudai ushahidi kwamba mwombaji atarudi kwao. Ajabu ni kwamba mzee mwenye nyumba, kaburi la mke na wajukuu katika mitaa ya Mwanga au Kasingirima ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote za kurudi, ila sababu zake hazimo kwenye taarifa ya benki.

Isitoshe, kwa mtu wa mwambao huu dunia haianzii kwenye uwanja wa ndege. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 670 na linapakana na nchi nne. Kutoka Kibirizi boti huenda na mawese, dagaa na abiria. Kalemie, Uvira na Bujumbura ni miji ambayo familia nyingi za Ujiji zina ndugu ndani yake, na Mpulungu ya Zambia ilikuwa mwisho wa njia ya MV Liemba, meli iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na kuanza kazi upya mwaka 1927. Wazee walipanda meli ile kwa sababu ilikuwa na kitanda, choo na bei waliyoimudu. Boti ya injini inayoruka juu ya mawimbi usiku kucha haimfai mwenye miaka 70. Usafiri wa meli za abiria ukidhoofika ziwani, mzee anayetaka kwenda kumwona dada yake Kalemie anaambiwa na watoto wake kwamba umri hauruhusu, ilhali mwaka ambao meli ilikuwapo umri uliruhusu. Ukarabati wa meli, gati la kupandia lenye ngazi inayofaa goti bovu, na ofisa anayekubali kiapo cha mjumbe wa nyumba kumi ni mambo ya sera, na wanaoyapanga wanapaswa kuwahesabu wazee miongoni mwa abiria.